Kazi ya Leo, Lengo la Miaka Kumi

Vijana ninaowafundisha hapa Tanga, wakikaribia kuhitimu, huniuliza: “Mwalimu, niombe kazi bandarini au kwenye bomba la mafuta Chongoleani?” Nami huwauliza: baada ya hapo? Bomba hilo la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, huhitaji watu wengi likijengwa, wachache likishakamilika.

Kisha huwakumbusha habari za mwandishi Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, hapa hapa Tanga. Alimaliza shule mwaka 1926, akawa karani wa forodha. Mshahara ulilisha nyumba. Kalamu ilijenga jina.

Basi andika mambo matatu: kazi ya kukulisha sasa, ujuzi utakaoukuza kila jioni, na unakotaka kufika baada ya miaka kumi. Kila Januari uyapitie upya. Mwajiri akibadilika, ujuzi unabaki wako.