Sabuni ya Mche, Sabuni ya Maji na Maji ya Kisima

Mkazi wa Boko, Bunju au Kunduchi anayefua kwa maji ya kisima hulifahamu jambo hili bila kufundishwa na mtu. Huchukua kipande cha sabuni ya mche, hukisugua kwenye shati, hukisugua tena, na povu halitoki. Badala yake maji hugeuka kama maziwa yaliyokatika, na utando wa kijivu hunata kwenye kingo za beseni. Siku akipata maji ya bomba yatokayo Mto Ruvu, kipande kile kile hutoa povu tele. Wengi huhitimisha kwamba muuzaji wa duka amewauzia sabuni bandia. Sabuni haina kosa. Kosa, kama ni kosa, limo majini, na chanzo chake ni miamba iliyo chini ya nyumba zetu.

Sehemu kubwa ya ukanda huo wa pwani imelala juu ya mawe ya chokaa, mengi yakiwa ni matumbawe ya kale. Chokaa hiyo ndiyo inayochimbwa katika kilima cha Wazo, Tegeta, kwa ajili ya kutengeneza saruji tangu miaka ya 1960. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huchukua hewa ya kabonidayoksaidi, huwa na asidi hafifu, na huyeyusha chokaa kidogo kidogo. Kwa njia hiyo kisima hujaa kalsiamu na magnesiamu, na maji yake huitwa maji magumu. Visima vilivyo karibu na bahari, upande wa Kinondoni na hata upande wa Temeke, huweza kuingiliwa na maji ya chumvi, nayo maji ya bahari yana magnesiamu nyingi.

Sabuni halisi ni zao la mafuta na alikali. Mafuta ya mawese, ya nazi au ya mnyama huchanganywa na kostiki soda, yaani haidroksidi ya sodiamu, na mwisho wa mabadiliko hayo hupatikana vitu viwili: sabuni na gliserini. Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeyafafanua hayo kisayansi mwanzoni mwa karne ya 19, ingawa watu walikuwa wakipika sabuni maelfu ya miaka kabla yake. Kila molekuli ya sabuni ina mkia mrefu upendao mafuta na kichwa kipendacho maji. Mikia hujichomeka katika tone la mafuta lililoganda kwenye nguo, vichwa hubaki nje vikielekea majini, na uchafu uliozingirwa hivyo husombwa na maji.

Udhaifu wa sabuni upo kichwani. Kichwa chake kikikutana na kalsiamu hushikamana nayo, na vyote viwili huganda kuwa ule utando wa kijivu usioyeyuka. Povu haliwezi kutoka mpaka kalsiamu na magnesiamu zilizomo ndani ya beseni ziwe zimekwisha kukamatwa. Kwa hiyo mfuaji hutumia sehemu ya mche wake kulainisha maji kabla ya kufua hata soksi moja, na hiyo ni fedha inayomwagwa. Mwenye paa la bati na pipa angefanya vema kukinga mvua za masika kwa ajili ya kufulia, kwa kuwa maji ya mvua ni laini kabisa.

Ditajenti ilibuniwa kwa sababu nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Ujerumani ilipungukiwa na mafuta ya kupikia sabuni, na wanakemia wake wakatafuta kisafishio kisichotegemea mafuta ya kula. Baada ya Vita Kuu ya Pili bidhaa hizo zilienea duniani. Tide, kwa mfano, iliingia sokoni Marekani mwaka 1946. Malighafi yake kubwa hutokana na petroli, na kichwa cha molekuli yake mara nyingi ni salfoneti, ambayo haigandi ikikutana na kalsiamu. Ndiyo maana sabuni ya unga hutoa povu hata katika maji ya kisima ambayo mche umeshindwa. (Sisi nasi tuliwahi kuadimikiwa. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka kufulia majani ya mpapai, ambayo hutoa povu lake lenyewe.)

Kwa kunawa mikono, tofauti hizi si kitu cha kumsumbua mtu. Kipindupindu kilipozuka jijini mwezi Agosti 2015, kikianzia Kinondoni, ujumbe wa kunawa kwa maji na sabuni ulikuwa sahihi kwa kila aina ya sabuni. Kipande cha mche, unga uliokorogwa ndani ya chupa ya maji na kutundikwa kando ya kibuyu chirizi, vyote huondoa vimelea mikononi iwapo mtu atasugua vya kutosha na kusuuza.

Jambo linalotutia wasiwasi ni ile inayoitwa sabuni ya maji. Huuzwa Mbagala, Tandika na Manzese katika chupa za maji ya kunywa zilizokwisha kutumika, na muuzaji husifia: “Mama, hii povu lake haliishi.” Kwa kemia, hiyo si sabuni bali ni ditajenti. Vikundi vya wajasiriamali hununua Kariakoo asidi ya salfoniki, slesi, soda ashi, rangi na manukato, kisha hukoroga ndani ya ndoo. Chumvi ya kawaida huongezwa ili mchanganyiko uwe mzito. Mteja huuona uzito huo kuwa ni nguvu, kumbe ni chumvi tu.

Kazi hiyo ni ya halali na imelisha familia nyingi. Hatari yake ipo katika kipimo. Asidi ya salfoniki huunguza, na soda ashi huwekwa ili kuituliza. Soda ikipungua, mchanganyiko hubaki na asidi. Ikizidi, huwa alikali kali. Ngozi ya binadamu ina asidi hafifu, pH yake ikikaribia 5, na haivumilii kwa muda mrefu lolote kati ya hayo mawili. Mama lishe anayeosha sahani kutwa nzima huanza kuona vidole vikikauka, vikipasuka na kuwasha. Hudhani ni fangasi, hununua dawa ya fangasi, na hapati nafuu. Mara nyingi huo ni mzio au muwasho wa ngozi unaofanana na pumu ya ngozi, na tiba yake huanza kwa kuepuka kinachouchochea, kuvaa glavu na kupaka mafuta mazito baada ya kazi. Kwa mtengenezaji, karatasi za kupimia pH si anasa. Bila hizo anauza asichokijua.

Zito kuliko yote ni chupa. Mtoto wa miaka miwili aliyezoea kupewa maji katika chupa ya namna hiyo hawezi kujua kwamba leo ina asidi ya salfoniki, au kostiki soda iliyoyeyushwa na jirani anayepika sabuni za mche. Kostiki huunguza koo na umio kwa muda mfupi sana. Mtoto akipona, kovu huweza kuliziba umio hata ashindwe kumeza uji, na kulipanua ni safari ya hospitali isiyokwisha upesi. Malighafi hizi zikae katika vyombo vyake vya asili, juu, chini ya kufuli, kamwe si katika chupa ya maji wala ya soda.

Ikiwa ajali imekwisha kutokea, mtoto asitapishwe, kwa sababu kinachorudi juu huunguza mara ya pili. Asipewe limau wala siki kwa nia ya kuituliza alikali. Asukutuliwe mdomo kwa maji safi, avuliwe nguo zilizolowa, na iliyomwagikia ngozi au macho ioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Kisha akimbizwe hospitali, na chupa yenyewe ichukuliwe pamoja naye, ili daktari ajue alichomeza.