Msaliti wa uwanjani, haini wa mahakamani

Mchezaji akihama Simba akaenda Yanga, jina la msaliti humganda msimu mzima. Hata shabiki mwenye hasira kuliko wote hamwiti haini. Neno hilo Watanzania wamewaachia mahakimu na mawakili. Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, ila kila moja limebeba kosa lake.

Haini ni mtu aliyepewa dhamana akaivunja. Vitabu vya zamani humwandika khaini, na kitendo chake khiyana. Hiyo kh ikalainika midomoni mwa wengi, kama khabari ilivyokuwa habari na khatari ikawa hatari, tukabaki na haini na hiana. Kinyume chake ni amana. Aya ya 27 ya Surat Al-Anfal inawakataza waumini kufanya khiyana katika amana zao, na Mtume alitaja kuhini amana miongoni mwa alama za mnafiki.

Kiswahili nacho kikaongeza lake. Kuhini kwetu ni kunyima, na mwenye hiana anaweza kuwa mchoyo tu asiye na njama yoyote. Ukifikiri kidogo huoni ajabu: umeweka mali yako kwa jirani, siku unaifuata anaikatalia. Kakunyima na kakuvunjia amana kwa mpigo mmoja.

Saliti lina mzizi mwingine, uleule uliotupa sultani. Kwa Kiarabu, sallata ni kumpa mtu nguvu juu ya mwenzake, au kumchochea amvamie. Ndiyo maana kusaliti kwa Kiswahili hakukuishia kwenye kutoa siri. Ni pia kuchonganisha, kutia fitina. Msaliti basi hamalizani nawe peke yenu wawili. Lazima awepo wa tatu, yule anayekabidhiwa.

Yuda ndiye kielelezo. Alipokea vipande 30 vya fedha, akawaongoza waliotumwa hadi Gethsemane, akamtambulisha bwana wake kwa busu. Injili ya Kigiriki inatumia kitenzi chenye maana ya kukabidhi tu, na kitenzi hichohicho kinarudi Pilato anapomtoa Yesu akasulubiwe. Watafsiri wa Kiswahili wakawatenganisha: Yuda alisaliti, Pilato alitoa. Nadhani walifanya vyema, maana Pilato hakuwahi kula naye sahani moja.

Mahakamani hali ni nyingine. Kifungu cha 39 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamhusu mtu anayewajibika kuitii Jamhuri, kisha akamuua Rais au kujaribu kumuua, au akaanzisha vita dhidi ya nchi. Adhabu ni kifo, na dhamana haipo. Utii huo ndio amana yenyewe, na hapo neno haini limekaa mahali pake hasa. Bibi Titi Mohamed, aliyepigania uhuru bega kwa bega na Nyerere, alishtakiwa kwa uhaini mwaka 1970, akahukumiwa kifungo cha maisha, akasamehewa mwaka 1972. Mwaka huohuo, Aprili 7, Rais Karume wa Zanzibar aliuawa na kesi nyingine ya uhaini ikafuata. Adam Shafi aliigeuza kuwa riwaya na kuipa jina hilohilo, *Haini*.

Mtaani watu hawasubiri Kiarabu. Aliyetoa siri kachoma utambi, aliyekula rushwa uwanjani kauza mechi.

Kwenye ndoa ndipo pamechanganyika. Magazeti huandika usaliti, vijana husema kuchepuka, neno ambalo kwa maoni yangu linalifanya kosa lionekane kama njia ya mkato ya kukwepa foleni. Kwa mizani ya asili, ndoa ni amana, na anayeivunja ni haini. Lakini hebu mwite mumeo haini leo jioni. Atakuuliza umeanza lini kusomea sheria.