Mashitaka ya Pamoja katika Inchi za Ulaya

Tuseme kompani moja ya simu katika Ulaya inawatoza watu feza isiyo ya haki, kila mutu euro 8 tu. Watu hao wanafika milioni moja. Basi kompani imeshika milioni 8 zisizo zake. Lakini hakuna hata mutu mumoja atakayekwenda mbele ya juji juu ya euro 8, sababu avoka ataomba mara ishirini ya hesabu hiyo mbele ya kufungua kinywa. Kila mumoja ananyamaza, na kompani inalala usingizi muzuri. Je, watu hao milioni hawawezi kusema kwa kinywa kimoja?

Jibu si rahisi kama linavyoonekana. Toka wakati wa Waroma desturi ya tribinali za Ulaya ni kwamba kila mutu anasema neno lake mwenyewe, wala hawezi kudai deni la jirani yake bila kutumwa naye. Desturi hiyo ina akili. Hukumu inamufunga yule aliyesikiwa tu. Kama mutu nisiyemujua angeweza kushitaki kwa jina langu, halafu akashindwa, haki yangu ingepotea nami sina habari. Wenye kusoma De iustitia katika seminari kubwa wanajua kwamba wajibu wa kurudisha mali una mwenyewe kwa pande zote mbili: yule aliyeharibu na yule aliyeharibiwa. Sheria za Ulaya zimeshika sana uzi huo.

Marekani walifuata njia nyingine. Toka mwaka 1966, kanuni ya 23 ya tribinali zao za shirikisho inaruhusu mutu mumoja asimame kwa ajili ya wenzake wote waliopatwa na hasara ile ile. Wote wanahesabiwa ndani, ila yule anayeandika kwamba hataki. Katika Ulaya wengi waliogopa njia hiyo, wakisema avoka wanatajirika nayo kuliko wale waliozulumiwa. Woga huo si wa bure. Lakini tutazame kwanza mambo ya Volkswagen, kwani yanafundisha kuliko hotuba nyingi.

Mwezi wa 9 mwaka 2015 ilijulikana kwamba kompani hiyo ya Ujerumani ilitia katika motokari zake za mazuti programu ya kudanganya. Motokari ilitambua kwamba inapimwa, ikapunguza moshi wake wenye sumu. Iliporudi barabarani, ikautoa tena. Motokari za namna hiyo zilikuwa karibu milioni 11 katika dunia yote, na sehemu kubwa zilikuwa Ulaya. Marekani, mwaka uliofuata, kompani ilikubali mapatano ya karibu miliari 15 za dola, juu ya motokari zisizofika 500,000. Katika Ulaya, ambako zilikuwa nyingi zaidi, wenyewe walikuwa wangali wakiuliza mulango wa tribinali uko wapi.

Wajerumani walifanya sheria mupya iliyoanza tarehe 1 mwezi wa 11 mwaka 2018, na siku ile ile chama cha kutetea wanunuzi kikashitaki Volkswagen katika muji wa Braunschweig. Watu zaidi ya 400,000 wakaandikisha majina yao. Mwanzo wa mwaka 2020 wakapatana: kompani iliahidi kulipa mupaka milioni 830 za euro, kila mutu kati ya euro 1,350 na 6,257, kwa kadiri ya namna ya motokari yake na umri wake. Lakini mapatano yaliwahusu tu wale waliokuwa wakikaa Ujerumani siku ya kununua. Mutu wa Austria mwenye motokari ile ile, na udanganyifu ule ule ndani yake, hakupata kitu katika mapatano hayo.

Waaustria walikuwa wamejaribu njia ya pembeni. Wanunuzi 574 walikabizi madai yao kwa chama chao, kama mutu anavyomukabizi mwengine cheti cha deni, na chama kikashitaki kwa jina lake chenyewe katika muji wa Klagenfurt. Volkswagen ikakataa: makao yetu ni Ujerumani, juji wa Austria ana uwezo gani juu yetu? Hapa inafaa kujua sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2012, namba 1215, inayogawanya kazi ya tribinali. Inasema kwanza kwamba mutu anashitakiwa kwao. Lakini katika maneno ya uharibifu anaweza kushitakiwa pia pahali uharibifu ulipotokea. Basi ulitokea wapi? Kiwandani, programu ilipotiwa? Au pale mutu alipotoa feza yake na kupokea kitu kisicho na bei ile? Tribinali ya Umoja wa Ulaya, iliyo Luxembourg, ilikata neno tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2020: ni pale motokari iliponunuliwa. Kompani inayouza vitu vyake katika inchi fulani kwa kuvunja sheria ijue kwamba inaweza kuitwa huko.

Tunaona hukumu hiyo kuwa ya haki. Lakini ina upande wa pili: aliyenunua motokari yake Milano hawezi kujiunga kwa njia hiyo na wale wa Klagenfurt. Mudanganyifu ni mumoja, na kesi zinakuwa nyingi kama inchi.

Neno hilo lilikuwa limeonekana mbele kidogo katika kesi ya Maximilian Schrems wa Vienna, aliyeshitaki Facebook juu ya siri za watu. Zaidi ya watu 25,000 walimukabizi madai yao, naye akaleta mbele ya juji madai yake na ya wengine 7, waliokaa Austria, Ujerumani na India. Sheria inamupa mununuzi wa kawaida ruhusa ya kushitaki kwake nyumbani, sababu ni muzaifu mbele ya kompani. Tarehe 25 mwezi wa 1 mwaka 2018 Luxembourg wakajibu: kwa neno lako mwenyewe, ndiyo, Vienna, kwa maneno ya wengine, hapana. Ruhusa ya muzaifu haihamishwi.

Ndipo Umoja wa Ulaya ulipotoa agizo namba 2020/1828, la tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 2020, lililoanza kutumika tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2023. Inchi nyingi zilichelewa. Ufaransa ilimaliza sheria yake mwezi wa 4 mwaka 2025 tu. Kwa agizo hilo si avoka anayeanzisha mashitaka, bali chama kilichokubaliwa na serikali, kisichotafuta faida; na chama kilichokubaliwa kwa mashitaka ya kupita mipaka kinapokelewa na tribinali za inchi nyingine. Kila inchi inachagua kama watu wake watahesabiwa ndani bila kusema neno. Lakini anayekaa inchi nyingine lazima aseme mwenyewe kwamba anataka.

Hapo ndipo tunapoona uzaifu. Yule wa euro 8 haandiki barua, na bila shaka haandiki kwa tribinali ya inchi ya kigeni. Waholanzi, toka mwaka 2005, walionyesha kwamba njia nyingine inawezekana kwa mapatano ya hiari: mwaka 2009 tribinali ya Amsterdam ilitangaza kwamba mapatano ya Shell yanawafunga wenye hisa wa inchi nyingi nje ya Marekani, ila wale waliojitoa.

Tena agizo halikugusa ile sheria ya mwaka 2012. Chama kinachotaka kukusanya watu wa Ulaya yote katika kesi moja mara nyingi kinarudi kwenye kanuni ya kwanza: kumushitaki mutu kwao. Kwa kompani nyingi kubwa za intaneti, kwao ni Dublin. Na katika Irlande sheria ya zamani inakataza, isipokuwa kwa maneno machache, mutu asiyehusika na kesi asiilipie. Chama kisichotafuta faida kitakachokwenda Dublin na majina ya watu milioni moja kitapaswa basi kutoa feza ya avoka katika mufuko wake chenyewe.