Kilimambogo kwa Miguu

Ukitoka Machakos mjini ukapitia Kangundo na Tala, mlima unauona mapema: mgongo mpana wa kijani uliokaa peke yake juu ya tambarare. Wasafiri wengi huupita tu. Ushauri wangu kwa watu wazima, hasa waliochoka kushinda ndani ya gari wakimsaka simba, ni kuutengea siku nzima na kuupanda kwa miguu.

Mbuga ya Kitaifa ya Ol Donyo Sabuk, au Kilimambogo kama wengi tunavyoiita, ilitangazwa mwaka 1967. Ni ndogo, kama kilomita 21 za mraba. Simba hakuna, ndovu hakuna. Mwenye mlima ni nyati, na kwa sababu yake hupandi bila renja wa Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS) mwenye bunduki. Hilo lisikuvunje moyo, maana renja ndiye utamu wa safari yenyewe: anajua nyati walilala wapi jana na chatu alionekana bonde gani. Kutoka langoni hadi kileleni ni kama kilomita 9 za barabara ya vumbi yenye kona nyingi, na kilele kiko takriban mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Anza asubuhi na mapema, beba maji ya kutosha, na pombe iache hadi utakaposhuka.

Huku chini utapita migunga na vichaka vya kawaida vya Ukambani. Kadiri unavyopanda, miti inasongamana na jasho linakauka mgongoni. Pepo zinazotoka upande wa bahari zikifika hapa hazina pa kwenda ila juu; hewa inayopanda hupoa, na hewa iliyopoa hushindwa kubeba mvuke wote iliokuja nao. Mvuke huo ndio ukungu na manyunyu yanayolisha msitu huu, hata miezi ambayo shamba la chini limekauka. Humo wanaishi mbega, kima, pongo, digidigi na pimbi.

Sasa nyati. Dume lililokomaa huweza kufika kilo 800, lakini uzito wake usikutishe kuliko tabia yake. Kundi la majike na ndama likikusikia kwa mbali kwa kawaida hukimbia. Wa kuogopwa ni madume wazee waliojitenga, wanaokaa mmoja mmoja au wawili watatu ndani ya kichaka. Hawa hawana kundi la kuwalinda, kwa hiyo hujibanza kimya hadi umewafikia, kisha hushambulia. Pua ya nyati ni kali kuliko macho yake. Ndiyo maana utamwona renja akichota vumbi kidogo, akiliachia lipite kati ya vidole, akitazama linapeperukia wapi. Upepo ukitoka kwenu kuelekea kichakani, mtazunguka au mtasubiri.

Kwenye njia, chunguza kinyesi. Cha nyati hufanana na cha ng'ombe, kimelala bapa kwa matabaka. Kikiwa bado kinang'aa na nzi wamekifunika, mwenyewe hayuko mbali. Kikishashika ukoko juu, kigeuze kwa kijiti utazame chini yake: mashimo ya mbawakawa wanaokizika ardhini, kazi inayorutubisha udongo. Tega pia sikio. Kuna ndege wadogo wenye midomo myekundu wanaopanda juu ya nyati kutafuta kupe. Wakishtuka hutoa mlio wa kukwaruza. Ukisikia mlio huo kichakani, simama kwanza.

Kuna jambo moja kuhusu nyati ambalo ningependa kila mgeni apande nalo kichwani. Mtafiti Mholanzi Herbert Prins alikaa miaka akiwaangalia nyati wa Ziwa Manyara, Tanzania. Aligundua kwamba jioni, kabla ya kundi kwenda malishoni, majike wazima husimama mmoja baada ya mwingine, hutazama upande fulani kwa muda, kisha hulala tena. Mpita njia angedhani wananyoosha miguu. Prins alipopima pande walizotazama, alikuta kundi linapoondoka huelekea wastani wa pande hizo, na macho ya madume hayakuhesabiwa. Maoni yakipishana mno, kundi hugawanyika kwa usiku huo. Huu ni uamuzi wa pamoja wa majike, na ukiwaona nyati wamepumzika kwenye uwazi wa mlima, tulia na darubini uwatazame majike.

Kama kilomita mbili kabla ya kileleni kuna makaburi. Hapo amelala William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa St. Louis, Marekani, aliyemiliki ardhi kubwa maeneo haya na kumkaribisha rais mstaafu Theodore Roosevelt mwaka 1909. Alifariki mwaka 1925. Husimuliwa kwamba alitaka kuzikwa kileleni kabisa, ila chombo kilichokokota jeneza kikashindwa na mwinuko. Karibu naye wamezikwa mkewe Lucie na mtumishi wao Louise Decker. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilijengwa kwa ukumbusho wake.

Kileleni kuna milingoti ya mawasiliano, na asubuhi isiyo na mawingu unaona Mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili. Januari na Februari ndiyo miezi ya kubahatisha.

Mkishuka, jua bado liko juu. Nendeni Fourteen Falls, karibu tu na hapo, ambako Mto Athi unaporomoka kama mita 27. Maporomoko ni mazuri kweli, na inauma kuyaona yakibeba povu na plastiki, kwa kuwa Mto Nairobi huingia Athi huko juu na uchafu wa jiji zima. Maji hayo hayo yakifika pwani huitwa Sabaki na kumwagika baharini karibu na Malindi. Msiogelee. Vijana wa pale watawavusha kwa mtumbwi. Patana bei kabla ya kupanda, na vaa viatu visivyoteleza kwenye miamba. Njaa ikiwashika, rudini Tala muulize wapi pana muthokoi wa moto.