Uzito wa Nyutrino: Dhana Hutangulia Kipimo

Nyutrino ni chembe ndogo mno zipenyazo miamba na miili karibu bila kizuizi. Mnamo mwaka wa 1998, watafiti wa kituo cha Super-Kamiokande nchini Japani walionyesha kwamba chembe hizi hubadilika aina zikiwa safarini, jambo lisilowezekana iwapo hazina uzito wowote. Swali likawa: zina uzito kiasi gani?

Njia mojawapo ya kulijibu ni kuchunguza mnururisho wa usuli wa ulimwengu, yaani mwanga uliosalia tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa takriban miaka 380,000. Ieleweke kwamba nyutrino zenyewe hazionekani katika mwanga huo. Huonekana athari zake tu. Kwa kuwa huenda kasi, hazirundikani kwa urahisi pamoja na maada nyingine. Kadiri zilivyo nzito, ndivyo zinavyopunguza mirundiko ya maada, na ndivyo kupindwa kwa mwanga njiani kunavyopungua. Ili kukadiria uzito, basi, sharti mtafiti atangulize kielelezo cha ulimwengu mzima.

Hapa ndipo penye utata. Mwaka wa 2025, mradi wa DESI ulioko Arizona, Marekani, uliunganisha ramani yake ya galaksi na data ya mnururisho, ukahitimisha kwamba jumla ya uzito wa nyutrino tatu haizidi elektronivolti 0.064. Kikomo hiki kinakaribia mno 0.06, kiwango cha chini kinachotokana na majaribio ya kubadilika aina. Aidha, kinaipinga nadharia kwamba nyutrino mbili ni nzito na moja nyepesi, kwani nadharia hiyo huhitaji angalau 0.10.

Hata hivyo, hesabu hiyo ilichukulia kwamba nishati ya giza, inayoharakisha kupanuka kwa ulimwengu, haibadiliki. Watafiti hao hao waliporuhusu nishati hiyo ibadilike, kikomo kilipanda hadi takriban 0.16, na nadharia iliyokuwa ikipingwa ikapata nafasi tena. Data ilikuwa ile ile. Kielelezo ndicho kilichobadilika.

Kwa upande mwingine, jaribio la KATRIN nchini Ujerumani hupima uzito huo maabarani, bila kutegemea kielelezo cha ulimwengu. Kikomo chake cha mwaka wa 2025, elektronivolti 0.45 kwa nyutrino ya elektroni, ni kilegevu zaidi, ila hakitikiswi na nishati ya giza.

Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Watafiti hawa hawakudanganya. Walizitaja dhana zao waziwazi. Ni jukumu la msomaji kutoitenga tarakimu na dhana iliyoizaa.