Masizi ya Jikoni Huwaka Moto

Ndugu msomaji, hebu inua macho utazame paa la jiko lako. Kama unapikia kuni, utaona makombamoyo yamekuwa meusi tititi. Utaona na nyuzi zinaning'inia. Huo ni utando wa buibui uliojaa masizi.

Wengi wetu huyaacha hapo. Wazee husema moshi hufukuza wadudu, na hilo ni kweli. Ndiyo maana tunatundika mahindi ya mbegu juu ya mafiga. Lakini masizi ni nini? Ni mabaki ya kuni ambazo hazikuungua sawasawa. Yakipata cheche yanaungua tena, na safari hii yanaungulia darini.

Kuni mbichi ndizo zinazoleta masizi mengi. Maji yaliyomo ndani yake hupooza moto, na moto uliopoa hutoa moshi mzito. Moshi huo ukigusa mahali penye baridi huacha utomvu mweusi unaonata kama lami. Utomvu huo unawaka sana. Basi pasua kuni zako mapema, uzianike, uziweke mahali pasiponyesha. Usizirundike karibu na mafiga.

Hapa Kibaha na Kisarawe bado tuna majiko mengi ya makuti, na mara nyingi jiko limeshikana na nyumba. Wakati wa kiangazi makuti hukauka mpaka yanalia ukiyagusa. Upepo nao upo. Jiko moja likishika moto, nyumba ya jirani haiko mbali. Mbegu ya msimu ujao inakwenda, na godoro, na daftari za watoto.

Tena tunachochea kwa makumbi na vifuu vya nazi. Vinawaka vizuri, lakini cheche zake huruka. Maganda ya korosho ndiyo mabaya zaidi. Yana mafuta yanayowaka ghafla, moto ukapanda juu. Korosho zikaangwe nje, mbali na nyumba, upepo ukiwa umetulia. Hapo hatuna mjadala.

Usafishe paa angalau mara moja kwa mwezi. Zima moto kwanza kabisa, majivu yapoe. Toa vyombo na chakula. Jifunge kitambaa puani. Funga ufagio wa chelewa kwenye mti mrefu, upanguse taratibu kutoka juu kwenda chini. Masizi uyafukie shimoni. Mahindi ya mbegu yatundike pembeni kidogo, yapate moshi lakini yasikae juu ya ndimi za moto.

Wenzetu wengine wamejenga jiko banifu lenye dohani, yaani bomba la kutolea moshi. Ni jiko zuri, linapunguza moshi na kuni. Lakini masizi hayakuondoka, yamehamia ndani ya bomba! Bomba likiziba, moshi hurudi ndani. Masizi yakiwaka humo, utasikia mngurumo kama wa upepo mkali, na cheche zitatoka juu. Kwa hiyo jiko likiwa limepoa, teremsha ndani ya dohani kamba yenye fungu la makumbi, uivute juu na chini. Tena bomba la chuma lisiguse makuti hata kidogo. Liache mbali nayo dhiraa moja, yaani toka kiwiko hadi ncha ya kidole, na nafasi hiyo uizibe kwa bati. Mwenye uwezo aezeke jiko lote kwa bati.

Dohani ikishika moto, toa watu nje kwanza. Kisha kama unaweza kufanya hivyo bila hatari, ziba mdomo wa jiko kwa bati au udongo ili moto ukose hewa. Usimwage maji ndani ya bomba la moto, linaweza kupasuka. Wengine wamwagie maji makuti yaliyo karibu.

Paa likishika, piga kelele majirani waje. Usirudi ndani kufuata gunia. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, haina malipo. Piga mara moja, utaje kijiji na njia ya kufika. Lakini toka mjini mpaka Maneromango au Soga gari lina mwendo. Kwa hiyo weka ndoo ya mchanga na pipa la maji nje ya jiko, siyo ndani, na kila jioni hakikisha pipa limejaa.