Siri ya besi nzito imo kwenye kasha, si kwenye amplifaya

Na MWANDISHI WETU

DEBE tupu haliachi kuvuma, walinena wahenga. Methali hiyo humkejeli mtu wa maneno mengi yasiyo na maana, lakini pia inaeleza vyema kwa nini spika nyingi kubwa zinazoundwa na maseremala wetu hutoa mngurumo badala ya muziki.

Mjini Lodwar na katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyo umbali wa takriban kilomita 120 kutoka mjini humo, kukodisha vyombo vya muziki ni riziki. Vyombo hivyo huhitajika katika harusi, ibada, mikutano ya kisiasa na sherehe za Siku ya Wakimbizi Duniani, ambayo huadhimishwa Juni 20 kila mwaka. Kambi hiyo iliyoanzishwa mwaka wa 1992 imewapokea watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na Ethiopia. Wapenzi wa rumba humo hawakubali spika isiyo na besi, sawa na Waturkana waliozoea kishindo cha nyayo katika ngoma ya edonga.

Hata hivyo, vijana waliochanga fedha zao kuanzisha biashara hiyo hufanya kosa moja mara kwa mara. Sauti inapokosa uzito, wao hukimbilia kununua amplifaya kubwa zaidi. Amplifaya hiyo nayo hudai jenereta kubwa na mafuta mengi, na faida yote huishia kwenye tangi. Aghalabu mkosaji si amplifaya, bali ni kasha.

Koni ya sabufa inaposukuma hewa mbele, huivuta nyuma wakati uo huo. Mawimbi hayo mawili yakikutana hufutana. Kwa hiyo, kazi ya kwanza ya kasha ni kuyatenga. Kazi ya pili ni kuyatumia mawimbi ya nyuma, na hapo ndipo unapohitajika mlango wa hewa. Mwaka wa 1932, Mmarekani Albert Thuras alipata hataza ya kasha la aina hiyo. Baadaye Neville Thiele wa Australia, katika mwaka wa 1961, na Richard Small, katika miaka ya sabini, walionyesha namna ya kulikokotoa kasha hilo badala ya kubahatisha.

Kanuni yenyewe ni ile ya chupa inayopulizwa mdomoni ikalia. Hewa iliyo mlangoni huwa kama uzani, nayo iliyo ndani huwa kama springi. Kasha likiwa kubwa au mlango ukiwa mrefu, mlio hushuka. Mlango ukipanuliwa, mlio hupanda. Likiundwa sawasawa, kasha hilo laweza kuongeza takriban desibeli 3 za besi likilinganishwa na lililozibwa kabisa. Hiyo ni sawa na kuzidisha nguvu za amplifaya maradufu bila kuongeza hata tone la mafuta.

Tuchukue mfano wa sabufa ya inchi 18 inayohitaji lita 200 za hewa, na kasha linalolengwa mitetemo 35 kwa sekunde, yaani Hertz 35. Vipimo vya ndani viwe upana sentimita 60, kina sentimita 60 na kimo sentimita 66. Hizo ni lita 237 na ushei. Mlango wa hewa uwe mwanya ulio chini ya kasha, wenye upana wa sentimita 60, kimo cha sentimita 6.7 na urefu wa sentimita 35 kuelekea ndani. Mlango huo utachukua lita 14, ubao wake karibu lita 4, sabufa yenyewe takriban lita 10 na mihimili lita 10. Zinazobaki ni lita 200.

Mlango wa kiasi hicho una eneo la takriban thuluthi moja ya koni. Ukiwa mwembamba zaidi, hewa itapita kwa kasi mno na kufoka kama nyoka. Aidha, si kila sabufa inafaa kasha hili. Sharti fundi asome karatasi ya vipimo vya mtengenezaji kabla ya kukata ubao.

Suala la uimara ndilo hupuuzwa zaidi. Tuseme koni inasogea milimita 8. Shinikizo ndani ya kasha la lita 200 laweza kuusukuma ubao mmoja wa ubavuni kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 25 hivi, kisha kuuvuta, makumi ya mara kila sekunde. Ubao usioshikiliwa hupinda, ukatoa sauti yake wenyewe na kuinyang'anya besi nguvu. Hatimaye maungio huachana.

Wengi hudhani dawa ni kutumia mbao nene. La hasha. Kuzidisha unene maradufu hupunguza kupinda mara nane, lakini huongeza takriban kilo 25 katika kasha la plaiwudi ya milimita 18. Kuugawa ubao sehemu nne kwa mihimili iliyopishana hupunguza kupinda mara 16, kwa nyongeza ya kilo sita hivi. Mihimili hiyo ni kama mataruma yanayoshika mbao za jahazi. Anayepakia vyombo kwenye lori mara kwa mara kati ya Lodwar na Kakuma anaijua thamani ya kilo 19 atakazookoa.

Iliyo bora ni fremu yenye madirisha makubwa, inayoshika kuta zote nne. Isiwekwe katikati kabisa, ili sehemu mbili za ubao zisitetemeke kwa mlio mmoja. Kadhalika, isizibe nyuma ya sabufa wala mdomo wa ndani wa mlango wa hewa. Gundi ipakwe katika urefu wote wa maungio, kwani skrubu peke yake hulegea.

Vipi kuhusu joto la Turkana? Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde katika nyuzijoto 20 na mita 352 katika nyuzijoto 35. Tofauti hiyo hulishusha kasha la Hertz 35 hadi 34 tu usiku ukipoa, jambo ambalo hakuna mchezaji atakayelitambua. Hatari iko kwingine. Mbao za mihimili zikitoka Kitale zikiwa na unyevu, zitanywea zikifika Lodwar na kuacha nyufa. Yafaa zipumzishwe kivulini siku kadhaa kabla ya kukatwa. Nayo koili ya shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 4 kwa kila nyuzijoto 10, hivyo spika haifai kuanikwa juani.

Mwisho ni kupima. Lilaze kasha chali, uweke punje chache za mchele juu ya koni. Usitumie mchanga, kwani utapenya hadi kwenye koili. Piga mlio mmoja mmoja kwa sauti ya chini, kuanzia Hertz 45 ukishuka. Pale punje zinapotulia ilhali upepo wa mlangoni una nguvu zaidi, ndipo masafa ya kasha yalipo. Chini ya hapo koni hukosa cha kuizuia na huweza kuraruka, kwa hivyo amplifaya iwekewe kichujio cha Hertz 30. Kisha pitisha kiganja kwenye kila ungio, ukitafuta hewa inayovuja.

Ukiihisi, izibe siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na bei ya plaiwudi Lodwar si ya mchezo.